Kanisa Kwanza au Waumini Kwanza?

Mji unapotanuka, viunga vyake hujaa nyumba kabla ya kanisa la zamani, lililojengewa kijiji, kuweza kuwameza wageni. Hapo hubishaniwa jambo moja: parokia igawanywe na kanisa lijengwe upesi, au jumuiya isubiriwe ikomae?

Wanaotaka haraka wana hoja nzito. Anayeishi mbali na parokia mama hubatiza kwa taabu, huzika kwa taabu, na mwishowe huacha kwenda kabisa. Uingereza iliujaribu mwendo huu mara mbili. Mwaka 1711 Bunge liliagiza makanisa mapya 50 kwa London na viunga vyake, kwa fedha za kodi ya makaa ya mawe. Wasanifu kama Nicholas Hawksmoor wakajenga kwa fahari, gharama zikapanda, yakakamilika kama 12 tu. Mwaka 1818 Bunge likatoa pauni milioni 1, na 1824 likaongeza 500,000. Safari hii walibana matumizi, na mradi ulizaa makanisa kama 600. (Si uchaji peke yake uliofungua hazina. Wakubwa waliiogopa pia miji ya viwanda iliyofurika maskini.)

Ila kuta hazileti watu. Hesabu ya ibada ya tarehe 30 Machi 1851 nchini Uingereza na Wales ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 5 walioweza kwenda ibadani hawakwenda. Pengine maskini walikwazwa na viti vya kukodi, maana hata katika makanisa mapya sehemu tu ya viti ilikuwa ya bure.

Mimi navutiwa zaidi na sheria ya Uingereza ya 1843, ambayo haisifiwi sana. Iliruhusu eneo litengwe na kasisi wake alipwe kwanza. Likawa parokia kamili kanisa lilipotabarukiwa. Viunga vingi vya enzi hiyo vilisali kwanza ukumbini, darasani, au katika makanisa ya mabati yaliyonunuliwa tayari kuunganishwa. Historia nyingi za parokia huiruka miaka hiyo na kuanzia kwenye jiwe la msingi, ilhali hapo ndipo waumini walipojuana.

Hata hivyo, wa haraka wana karata moja ambayo siwezi kuipuuza: ardhi. Nyumba zikishajaa, kiwanja hakipatikani, au bei yake huwashinda waumini. Kardinali Verdier, askofu mkuu wa Paris, alipoanzisha mradi wake wa ujenzi mwaka 1931, viunga vya Paris vilikuwa vimekwisha kufurika watu, na yalijengwa makanisa zaidi ya 100 kwa miaka kama kumi ili kufidia pengo. Kwa hiyo kiwanja kinunuliwe mapema, tangu ramani ya mtaa inapochorwa. Mnara unaweza kungoja, na mkopo wa mnara ndio ungoje zaidi.