Jina Moja Lilimficha Muuaji wa Watoto Wetu

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha bajeti ya afya hapa Kisumu. Tulipofika kwenye kifungu cha vifaa vya kusoma jenomu za bakteria, yaani mfuatano mzima wa herufi za DNA zinazobeba maagizo ya urithi wao, mheshimiwa mmoja alisimama akauliza kwa ukali, "Mama anayengoja panadoli kule kijijini, hizi herufi za vijidudu zitamsaidia nini?" Ukumbi ulipiga makofi, na kifungu kikafutwa kabla ya chai ya saa nne. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 23 na tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa sababu swali lile lina jibu, na jibu hilo tulilizika pamoja na watoto wetu kuanzia Nyando hadi Siaya.

Kuna mtoto mmoja ambaye sijamsahau. Alikaribia umri wa miaka miwili, na mamake alimleta usiku akiwa na homa kali, akipumua kwa shida, viganja vimepauka kwa kupungukiwa damu. Darubini ilionyesha malaria, akaanzishiwa dawa za malaria, na wodi nzima ikaona kwamba ugonjwa umepatikana. Usiku huo tulikuwa na chupa za kuoteshea damu, jambo ambalo halitokei kila siku, kwa hiyo nikaotesha damu yake, ili bakteria waliomo wakue na waonekane. Siku ya tatu niliandika kwenye fomu: Salmonella Typhimurium. Ofisa wa zamu aliisoma, akaiweka kando, kwa kuwa vitabu alivyosomea vilimfundisha kwamba bakteria wa jina hilo huleta kuhara kwa siku chache kisha mgonjwa akapona, na mtoto huyu hakuwa akihara. Ofisa yule hakuwa mzembe. Alilisoma jina, na jina likampotosha. Jioni ile mtoto alifariki, na mamake akanisimamisha kwenye varanda: "Daktari, mtoto wangu alikuwa na nini hasa?" Nilimjibu kwamba ilikuwa malaria.

Jina hilo linatokana na mpango wa zamani wa kuwaainisha Salmonella kwa kuangalia jinsi sehemu za nje za bakteria zinavyoshikana na seramu, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, kwenye kioo cha maabara. Mpango huo umetupatia aina zaidi ya 2,500, na umetutumikia vyema, lakini unachokitazama ni vazi tu, na ndugu wawili wenye tabia zisizofanana hata kidogo wanaweza kuvaa nguo zilizotoka katika furushi moja la mitumba pale soko la Kibuye. Mwaka 2009 watafiti walichapisha jenomu ya bakteria aliyetoka katika damu ya mtoto wa Malawi, yenye herufi zinazokaribia milioni 5, wakailinganisha na ya wenzake kutoka Malawi na Kenya. Walikuta kwamba huyu tunayemwita Typhimurium si yule aliyeelezwa katika vitabu vya Ulaya. Ni tawi jingine, linalotambulishwa kama ST313, na baadhi ya jeni zake, vile vipande vya jenomu vyenye kazi maalumu, zimevunjika kwa namna inayokumbusha bakteria wa homa ya matumbo, ambaye kwa vizazi vingi ameyazoea maisha ndani ya mwili wa binadamu peke yake. Kiumbe anayehamia makao mapya huacha kutunza vyombo asivyovihitaji tena, na katika jenomu uhamaji huo unaonekana wazi, jeni baada ya jeni. Huyu wetu anaingia katika damu ya mtoto aliyekwisha kudhoofishwa na malaria, utapiamlo au virusi vya UKIMWI, na mara nyingi mtoto huyo hahari hata kidogo.

Laiti maelezo hayo yangalikuwa kwenye fomu yangu siku ile.

Kazi ya jenomu haikuishia kwenye jina. Mwaka 2012 jenomu nyingi zaidi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilionyesha kwamba tawi hili lilisambaa kwa mawimbi mawili, katika miongo ileile ambayo UKIMWI ulikuwa ukienea, na kwamba wimbi la pili lililifuta la kwanza likiwa limebeba usugu dhidi ya kloramfenikoli, dawa ambayo wakati huo tuliitegemea sana. Baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Kenya walieleza kuhusu ST313 walio sugu hata kwa seftriaksoni, sindano ambayo leo ndiyo kimbilio letu mtoto anapozidiwa. Sasa namrudishia mheshimiwa swali lake: mama akifika na mtoto kama yule, muuguzi afungue dawa ipi? Ukoo wa bakteria na usugu wake husomeka katika herufi zilezile zilizopigiwa makofi zikifutwa.

Kutowajua bakteria kwa ukoo wao kumetufanya pia tuwalaumu wasiostahili. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kifua kikuu kilimfikia binadamu kutoka kwa ng'ombe, lakini ulinganisho wa jenomu uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa bakteria wa ng'ombe amepoteza vipande vya DNA ambavyo yule wa binadamu bado anavyo, kwa hiyo hawezi kuwa babu yake. Vivyo hivyo kipindupindu: jenomu zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba tangu 1970 ukoo mmoja umeingizwa Afrika kutoka Asia angalau mara 11, ukisafirishwa na watu, ilhali sisi kila kinapozuka tunawakimbilia kwanza akina mama wanaouza samaki kando ya ziwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba mheshimiwa ana hoja moja. Hospitali isiyo na chupa za kuoteshea damu haina bakteria wa kusoma, na jenomu haichimbi choo wala haileti maji katika mtaa wa Nyalenda. Lakini hoja hiyo inadai tuongeze chupa. Haidai tufute mashine. Wakati wa korona KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilisoma jenomu za virusi hapahapa nchini, na siku hizi kuna mashine ya kusomea inayotoshea kiganjani. Sikuomba kila zahanati ipewe yake. Niliomba maabara moja ya kaunti iweze kusoma bakteria wanaooteshwa kutoka damu za watoto wetu, na majibu yarudi wodini yakiwa na maelezo ambayo ofisa wa zamu anaweza kuyatumia usiku uleule anapoyapokea.

Kamati inakutana tena Alhamisi, na katibu amenikubalia dakika kumi. Nitaanza kwa kuwasomea fomu ile ya mtoto, bila jina lake, kisha nitaeleza kila kitu ambacho haikumwambia ofisa wa zamu.