Kindle au kitabu cha karatasi? Kwanza sema unasoma lugha gani

Wabishi wa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na kitabu cha jalada laini hushindana juu ya macho, uzito wa begi na harufu ya karatasi. Kwa mkaazi wa Tanga, mimi naona swali linalotangulia ni la lugha. Msomaji wa riwaya za Kiingereza ana hesabu yake, na msomaji wa Kiswahili ana yake.

Kifaa tukipe haki yake. Skrini ya wino wa kielektroniki haimuliki macho kama simu. Ndani mna vijifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma, nyeusi zikapanda juu kuwa herufi, kisha zikakaa hapo bila kula chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji hudumu wiki kadhaa. Ukiwa Raskazone jua la saa saba, maandishi yanasomeka vizuri wakati simu imebaki kukuonyesha sura yako. Umeme ukikatika Ngamiani, taa yake ndogo inatosha. Na kwa mzee aliyechoshwa na miwani, kule kukuza herufi tu kunalipa bei yote.

Bei yenyewe imeshuka. Kindle ya kwanza, Novemba 2007, iliuzwa Marekani dola 399. Leo za chini zinapatikana huko kwa dola 100 na ushei. Ila ikifika huku ina gharama za njiani, na kioo kikipasuka mafundi simu wengi hawana cha kubadilishia.

Karatasi nayo isitukuzwe kupita kiasi. Jalada laini limeshikwa kwa gundi, na kwa joto na unyevu wa pwani kurasa huanza kunyofoka. Karatasi ya bei rahisi hugeuka manjano, mchwa nao hawajui kusoma lakini kitabu wanakimaliza. Tena maduka mengi ya vitabu huishi kwa vitabu vya shule. Ukitaka riwaya, huenda ukaagiza Dar ije kwa basi.

Hata hivyo nakala moja ya karatasi huzunguka nyumba nzima, ikavuka hadi kwa jirani, ikarudi bila jalada (ikirudi!). Kitabu cha Kindle unanunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hutenguliwa. Julai 2009 Amazon, duka la mtandaoni linalouza Kindle, ilifuta riwaya mbili za George Orwell ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, na Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, akaomba radhi. Muuza vitabu wa mtaani hana ubavu wa kuingia chumbani kwako usiku.

Sasa lugha. Riwaya za Kiswahili zilizotengenezwa kwa ajili ya vifaa hivi ni chache mno. Kinachozagaa kwenye magrupu ya WhatsApp ni PDF za kurasa zilizopigwa picha. Kwenye skrini ya inchi 6 ukurasa wa namna hiyo hausogezi mistari yake ufuate upana wa skrini: ama usome herufi za sisimizi, ama ukuze na kuvuta kushoto na kulia kila mstari. Raha yote ya kifaa imeishia hapo, na mwandishi hajapata hata shilingi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo au mpenzi wa riwaya za Kiingereza, anunue. Akisoma kwa bidii, pesa yake itarudi. Anayesoma Kiswahili, laki tatu na zaidi za kifaa azipeleke kwenye vitabu vyenyewe. Siku wachapishaji wetu watakapouza riwaya kwa mafaili yanayojipanga kwenye skrini yoyote, na malipo yakapita kwenye simu bila kadi ya benki, nitapiga hesabu upya.