Taa sawa, mtaro je?

Mwandishi, habari yako gazetini inasema mwaka wa miradi umekwenda vizuri hapa Tabora: lami, taa za barabarani, madarasa. Sibishi. Maji ya Ziwa Victoria nayo yametuokoa. Sisi tuliokulia enzi za kutegemea bwawa la Igombe tunajua kukesha na ndoo bombani. Ila mwandishi, siku moja njoo huku kwetu kata ya Ng'ambo mvua ikinyesha. Mtaro wa mbele ya kwangu ulichimbwa, kifusi kikaachwa pembeni, mvua ya kwanza ikakirudisha chote ndani. Sasa mama ntilie jirani yangu ametega ubao wateja wavukie, na ubao wenyewe kaazima. Huo mtaro kwenye ripoti ya miradi umeandikwa "umekamilika" au "unaendelea"? Nauliza tu.