Diski haining'inizwi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea kompyuta yake hapa Busia, imefungwa kwa mpira nyuma ya boda. Inawaka, akasema, halafu inaganda, na mitihani ya mazoezi ya P.7, yaani darasa la saba, haifunguki tena. Nikatoa kifuniko cha ubavuni. Diski, kile kifaa kinachohifadhi mafaili, ilikuwa inaning'inia. Haikuwa na skrubu hata moja. Aliyeifunga aliibandika kwa selotepu ya karatasi kwenye chuma cha pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, selotepu ikakauka kwa joto ikaachia, na uzito wote ukabaki kwenye waya mbili, wa data na wa umeme. Kile kilimi cha plastiki chenye umbo la L, pale plagi ya SATA, ya kuunganishia diski, inapoingia, kilikuwa kimekatika.

"Mwalimu, njoo uone," nikamwambia.

"Kijana wangu, mimi niliambiwa imefungwa vizuri. Nikalipa."

Hapo ndipo panaponiuma. Mafundi wenzangu, tuache kazi ya namna hii. Ndani ya diski ya inchi 3.5 mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, ndogo mno. Meza ikigongwa na diski ikayumba, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichoandikwa hapo hakirudi. Ndiyo maana kasha lina kizimba cha diski chenye matundu ya skrubu.

Najua jibu linalokuja: SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka, iache ilale popote. Ni kweli haizunguki, lakini kilimi chake ni plastiki ileile, na waya ukivutwa kinakatika vilevile. Kibao cha kuishikizia SSD ya inchi 2.5 kwenye nafasi ya inchi 3.5 si kitu cha gharama. Na tutenganishe skrubu. Diski kubwa inataka zenye meno mapana, ndogo inataka zenye meno membamba. Ukilazimisha ile nene kwenye SSD, tundu limeharibika, na fundi atakayefuata naye atatafuta selotepu.

Umeme nao una mambo yake. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujashika diski. Kama hakuna plagi ya SATA iliyobaki, usichukue adapta yoyote ya kubadilisha plagi utakayoikuta. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya waya zimewahi kupiga shoti ndani na kuungua. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika, waya wa umeme wa diski unatoka kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa hiyo angalia kwanza ndipo ununue.

Jambo jingine linalowaumiza wateja ni kuambiwa diski mpya imekufa. Diski mpya kabisa haionekani kwenye orodha ya kawaida ya Windows mpaka uiandae kwanza. Fungua sehemu ya kusimamia diski, ichagulie GPT, mpangilio mpya wa kugawia diski, uigawe, uifomati. Ukichagua MBR, mpangilio wa zamani, kwa diski ya terabaiti 4, utaweza kutumia terabaiti 2 tu. Na ukichomeka SSD ya M.2, ile nyembamba inayoingia moja kwa moja kwenye madabodi, halafu diski ya zamani ikapotea, usiogope: baadhi ya madabodi huzima tundu moja la SATA pale M.2 inapotumika. Hamishia waya tundu jingine.

Ile ya mwalimu niliishikilia plagi kwa vidole, nimeegemeza kiwiko mezani, mpaka faili la mwisho la mitihani likahamia kwenye SSD mpya. Mkono ulikufa ganzi. Kisha nikamkalisha karibu yangu, kasha likiwa wazi, nikamwonyesha kibao na matundu yake manne. Nilikaza skrubu tatu. Ya nne akaomba bisibisi, akaikaza mwenyewe, akaisukuma diski kwa kidole kuona kama inacheza.

Haikucheza.