Anayepiga yowe ana pumzi

Mwaka wa sita sasa niko Leeds, Uingereza, muuguzi wa idara ya dharura. Nyumbani wakiniuliza tofauti ya hospitali za huku na za kwetu, wanasubiri niwatajie mashine. Zipo, sikatai. Ila kinachoninyima usingizi hakihitaji hata umeme.

Majeruhi wa pikipiki akiletwa hapa, chumba kinanyamaza. Mtu wa ambulensi anaeleza upesi: kagongwaje, kaumia wapi, kapewa nini. Damu inayobubujika inazibwa kwanza. Halafu njia ya hewa, huku mmoja kashikilia kichwa shingo isigeuke. Kifua kinapanda pande zote mbili? Mapigo je? Fahamu tunazipima kwa kipimo cha Glasgow, kuanzia 15, fahamu kamili, kushuka hadi 3, hajitambui kabisa. Ndipo unakuja mkasi, nguo zote chini, na mgonjwa anageuzwa kama gogo tuukague mgongo. (Kijana mmoja alililia koti lake la ngozi kuliko mguu uliovunjika. Nikashukuru: anayegombea koti, fahamu zake zipo.)

Sasa kwetu. Hospitali niliyoanzia kazi iko kando ya barabara kuu. Jioni moja Noah ikashusha vijana wawili wa bodaboda. Mmoja kapasuka kichwani, damu mpaka kwenye viatu, anapiga yowe. Sote tukamkimbilia. Mwenzake alikaa kwenye benchi, kimya, kashika tumbo, akiomba maji. Dirishani wakamuuliza PF3, ile fomu ya polisi. Nilipokuja kumshika mkono, ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, mapigo yanakimbia na hayashikiki. Damu ilikuwa inavujia tumboni. Hakufika chumba cha upasuaji.

Yule wa yowe alishonwa, akaenda nyumbani.

Kumtazama aliyenyamaza kwanza hakuna bei. Na PF3 serikali imeshasema ifuate baada ya matibabu. Anayeing'ang'ania dirishani anajua anachofanya.

Msidhani nawasifia Wazungu. Hapa ukivunjika kifundo cha mkono utakaa kitini saa nne, tano, ukisubiri zamu yako. Kwetu bodaboda wanafika kabla ya yeyote, wanabeba mtu wasiyemjua, hawadai nauli. Tatizo ni ubebaji: wawili kwapani, wawili miguuni, shingo inaning'inia, kisha anapakatwa katikati ya pikipiki.

Desemba nikija likizo naanza na kijiwe cha bodaboda cha njia panda ya kwetu, tufanye mazoezi ya kubeba majeruhi. Nitabeba kitenge cha kukandamizia damu, na ubao. Wa kulazwa juu yake nitakuwa mimi.