Hicho Kisu cha "Germany" Mnachonunua Sokoni

Juzi kijiweni Mikindani kijana mmoja wa bodaboda alitutolea kisu chake cha kukunja akaanza kutupa somo. Chake ni "Germany", tazameni, kimeandikwa. Changu, ambacho alikuwa ametoka kukiazima dakika hiyohiyo kumenyea embe, ni "cha Mchina tu". Wazee wakacheka. Nikakichukua kile cha kwake nikakikagua. Neno GERMANY limepigwa chapa kwenye bapa, herufi kubwa, na baada ya hapo hakuna kingine. Hakuna jina la kiwanda, hakuna mji, hakuna alama ya mnyama wala ya mti. Ukikifungua, bapa linacheza kushoto na kulia. Kakinunua elfu tano sokoni Mtwara mjini, kwenye meza yenye tochi, nyembe na rimoti za ving'amuzi.

Ujerumani yote hiyo, kwa elfu tano.

Kijana simlaumu. Kaambiwa, kaamini. Kinachonikera ni huu ugonjwa wetu wa kupima chuma kwa pasipoti. Mjerumani tumemfanya cheti cha ubora, Mchina tumemfanya tusi, na yule anayepiga hizo chapa anatujua kuliko tunavyojijua. Anajua tunachotaka kusikia, anatuandikia hichohicho, tunalipa, tunaondoka tunatembea kifua mbele.

Hebu tuwaangalie hao Wajerumani wenyewe. Wana mji unaitwa Solingen, mji wa visu, mikasi na panga za vita tangu karne nyingi. Jina la mji huo linalindwa kwa sheria tangu mwaka 1938: huwezi kuandika "Solingen" kwenye kisu kama kazi yake kubwa haikufanyika pale. Sasa watu wenye wivu wa namna hiyo na jina lao, watengeneze kisu, waandike nchi tu, wakae kimya? Mtu aliyetengeneza kitu anachojivunia hawezi kujizuia kusaini. Mfaransa Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kule Savoie, na hadi leo kila kisu cha Opinel kina mkono wenye taji juu ya bapa na jina la ukoo pembeni yake. Victorinox wa Uswisi wana ngao yenye msalaba. Wasweden wa Mora wanaandika. Na Wachina je? Wachina walio makini wanaandika kuliko wote! Kuna mji wa Yangjiang, jimbo la Guangdong, ambao kwa visu ndio Solingen ya China. Watengenezaji wa huko, wa visu kama Civivi na Sanrenmu, wanapiga chapa jina, na mara nyingi na aina ya chuma juu yake, uende ukaulizie mwenyewe. Asiyeandika chochote isipokuwa nchi ya watu wengine ni mmoja tu, naye ni yule asiyetaka atafutwe kisu kikivunjika.

Kwa hiyo swali langu mezani kwa muuzaji si "kinatoka nchi gani". Ni "nani kakitengeneza". Akikujibu "Germany", rudia swali. Akikujibu "original", rudisha kisu.

Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu mwaka 1963, inakataza chapa za uongo. Ipo. Imekaa.

Na hii hadithi ya nchi, ukiifukua kidogo tu, inachekesha. Kisu cha mwanajeshi wa Uswisi, fahari ya taifa lile, vile vya kwanza kabisa havikutengenezwa Uswisi. Jeshi liliagiza visu vyake Solingen, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kiwanda cha kumudu oda. Karl Elsener, mwanzilishi wa hiyo Victorinox, alianza kulipelekea jeshi visu mwaka 1891, na mwanzoni nusura afilisike kwa kushindana na bei ya Mjerumani. Naam, hata Mswisi aliwahi kuambiwa cha kwao ni ghali, chukua cha kuagiza.

Halafu Okapi, kile chenye nyota na miezi kwenye mpini, chenye pete mgongoni unayoivuta ili kikunjike. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika. Makoloni, yaani sisi, enzi hizo bendera ya Kaizari ikipepea Mikindani na Lindi, miaka michache kabla Wamatumbi hawajainuka kwenye vita vya Majimaji. Leo Okapi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mzee anayekuapia kwamba Okapi ni chuma cha Mjerumani amechelewa tangu miaka ya themanini, lakini kisu chenyewe ni kizuri vilevile, chuma cha kaboni kisicho na makuu, kinanoleka upesi. Nchi imebadilika, kisu kipo.

Na sisi watu wa kusini ndio tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine wote. Korosho za Tandahimba na Newala zinapanda meli pale bandarini zikiwa na maganda yake, zinakwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko, zinatiwa kwenye pakiti yenye picha nzuri. Mzungu anaila, anasoma pakiti, anawasifu Wavietnam. Mkorosho umepuliziwa salfa na shangazi yangu akipambana na ugonjwa wa ubwiri unga! Mtu aliyefanyiwa hivyo na maandishi ya pakiti anawezaje kwenda sokoni na kuyasujudia maandishi ya kwenye kisu?

Haya, nikubali yale ya kukubali. Ndiyo, vingi kati ya visu vibovu vilivyojaa kwenye zile meza vimetoka China. Ndiyo, Opinel na Victorinox ni visu bora, na mwenye ndugu anayekuja kutoka Ulaya amwagize, sina ubishi, kwao si vitu vya matajiri. Lakini msinifanye nisahau tunaishi wapi. Opinel cha mpini wa mti kikinyonya unyevu wa masika mti unavimba, bapa linagoma kutoka, unahangaika nacho wenzako wameshamaliza nanasi. Na kile chao cha chuma cha kaboni, kwa chumvi ya hewa hii, usipokifuta na kukipaka mafuta kidogo unaamka kimepata rangi ya udongo wa Makonde. Wanacho pia cha chuma kisichoshika kutu, agiza hicho. Na hata hicho, ukitoka nacho baharini kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana "kisichoshika kutu" ni ahadi ya watu wa bara.

Kwa asiye na ndugu Ulaya, anayetaka kisu cha kila siku, cha kukata kamba ya gunia, kufungua mfuko, kumenya embe, kutengeneza chambo: kifungue na ukikunje palepale mezani. Bapa lisicheze. Kikiwa kimekunjwa, bapa likae katikati ya mpini, lisigusane na upande. Kama kina loki, bonyeza mgongo wa bapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na njia yake. Ikiachia, achana nacho, hicho kinasubiri kidole chako. Bapa refu ni la sinema, linalotosha embe linatosha. Vidude kumi na viwili vya ziada, bisibisi na msumeno wa kukatia sijui nini, kwa bei ile vyote ni bati.

Chuma laini kidogo kisikutishe. Chuma laini kinapoteza makali haraka, kweli, lakini kinayarudisha haraka, hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipopakwa rangi ya kung'aa. Chuma kigumu sana kinataka jiwe zuri na mtu mwenye subira, na wote tunajua wale mafundi wa kunoa kwa baiskeli watakavyokifanya.

Kilichobaki kinaniuma zaidi kuliko huyo Mjerumani wa elfu tano. Wahunzi tunao. Kuna watu huku wanachukua springi ya gari lililokufa wanatoa kisu cha jikoni kinachokaa miaka, na wachongaji wetu wa vinyago wanafanya kazi kwa tezo ambazo hazijawahi kuona kontena. Springi ya gari ni chuma kizuri, wala si cha kubahatisha. Nchi hii ilikuwa na viwanda vya zana, UFI pale Ubungo, Dar es Salaam, na Zana za Kilimo kule Mbeya, majembe yakitoka na chapa yetu. Lakini kisu cha kukunja kilichotengenezwa hapa sijakiona. Najua ugumu wake, ule msumari wa kwenye bawaba unataka vipimo vya karibu sana, bila hivyo bapa linacheza. Elsener naye alikuwa nao, pamoja na Mjerumani wa kumshusha bei.

Basi kama wewe ni mhunzi, au unamjua mhunzi, Masasi, Nachingwea, Kilwa, popote huku, anayeweza kukunja chuma kikafunguka bila kucheza, niandikie. Nitalipa kuliko elfu tano, hata mara kadhaa. Sharti ni moja: kwenye bapa apige chapa jina lake na la kijiji chake.