Wamemfukuza Dalali, Sasa Nimlalamikie Nani?

Mimi nilikuwa na dalali wangu. Sikuwahi kumwona, sura simjui wala jina, lakini alikuwa wangu. Bei ya nyanya ikiruka, ni yeye. Karoti zikisinyaa kama vidole vya mfua nguo, ni yeye, kazilaza ghalani wiki nzima akisubiri zipande. Yai likipasuliwa likatoa harufu ya kufukuza wageni, namalizana naye palepale jikoni, yeye na ukoo wake, kisha napasua jingine, roho kwatu. Watu husema dalali hana kazi zaidi ya kuongeza bei. Si kweli. Alikuwa na kazi kubwa na aliifanya usiku na mchana bila likizo: kulaumiwa.

Sasa wamemfukuza.

Ilianza usiku mmoja, mama watoto aliponijia na simu mkononi na uso wa mtu mwenye habari. "Baba watoto," akasema, "tumejiunga." Enyi waume wenzangu, mkisikia "tumejiunga" jueni jambo limeshakwisha, mnapewa taarifa tu. Nikauliza, na nini? Akasema, na soko la wakulima la mtandaoni. Wakulima wa jirani wanaorodhesha walicho nacho shambani, wewe unachagua kwenye simu, unalipa, halafu siku moja kwa wiki mnakutana mahali pamoja unakabidhiwa mzigo wako. Kimevunwa asubuhi, jioni kiko sufuriani. "Na katikati hakuna mtu," akamalizia kwa furaha. Hapo ndipo ningeshtuka, nami sikushtuka.

Kwanza nikagundua kwamba soko hilo, ambalo nilidhani liko wazi muda wote kama mdomo wangu, lina kufuli. Linafunguliwa Ijumaa saa mbili usiku, linafungwa Jumanne saa sita usiku, na mzigo ni Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, shauri yako. Nikaanza kuja juu, nikaelezwa sababu: mkulima anasubiri oda zifungwe ili ajue ang'oe karoti ngapi, maana karoti isiyoagizwa inabaki zake ardhini, haiozi wala haidai kodi. Hoja safi. Na hakuna kinachomnyima mlalamikaji usingizi kama hoja safi.

Ijumaa hiyo nikakaa tayari, saa mbili kasoro dakika tatu, kidole juu ya kioo. Saa mbili na dakika nne spinachi imekwisha. Dakika nne! Kuna watu humu duniani hawana watoto wa kuogesha wala wakwe wa kupigia simu, kazi yao ni kuvizia spinachi. (Wiki niliyoipata, nilikuta ndani yake kiwavi mzima, mnene, hana wasiwasi, ameshaanza kula. Hata yeye alikuwa ameagiza mapema kuliko mimi.) Kwa hasira nikahamia kwenye viazi. Pameandikwa "Viazi", pembeni kisanduku cha idadi. Nikapiga hesabu: sisi watano, na mgeni mmoja asiyekosekana, sita. Nikaandika 6, nikalipa mbiombio bila kutazama jumla, nisije nikawahiwa tena.

Kumbe chini, kwa maandishi ya ukubwa wa mguu wa sisimizi, palikuwa na maneno: mfuko wa kilo 5. Alhamisi nikakabidhiwa kilo 30. Enzi za dalali ningesema nimeibiwa. Hapa mwizi ni nani? Kidole changu. Na viazi navyo ni wageni wenye masharti. Havitaki mwanga, ukiviacha juani vinageuka kijani na kuongeza sumu iitwayo solanini. Havitaki kulala chumba kimoja na vitunguu. Vinataka giza, ubaridi kidogo, na hewa ya kupita. Nyumbani kwetu pako mahali pamoja tu penye sifa hizo, nako ni upande wangu wa kabati. Mashati yangu siku hizi yananing'inia mlangoni. Viazi vimelala.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonimaliza ni bibi wa karoti.

Wiki ya pili nililetewa karoti yenye miguu. Sitanii. Ina kiuno, ina mapaja mawili, moja limepita juu ya jingine kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Watoto wakaivalisha sketi ya karatasi. Nikaivua sketi, nikaitia mfukoni kama kielelezo cha mahakamani, na Alhamisi iliyofuata njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Nilikuwa nimefika pale pa "sisi wateja tumechoka kufanywa majalala" nilipofika mezani, na nyuma ya meza sikumkuta dalali. Nilimkuta bibi. Kitambaa kichwani, kucha zina udongo wa shamba lilelile, macho ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo.

"Shikamoo bibi," nikasema, na hotuba ikafia hapo.

"Marahaba mwanangu."

Nikaitoa karoti, sauti yenyewe imeshakuwa ndogo. Akaipokea, akaigeuza upande huu na huu, akacheka bila haraka. "Hii ilikutana na jiwe." Basi. Ncha ya mzizi ikigonga jiwe ikiwa bado changa, inagawanyika, kila upande unashika njia yake. Utamlaumu nani, jiwe? Halafu akainama chini ya meza, akainuka na boga kubwa kama kichwa cha ng'ombe. "Na hili nyongeza yako. Wapelekee watoto."

Nikasema asante. Mimi! Nimetoka nyumbani kwenda kugombana, nikarudi nimekumbatia boga.

Kabla sijaondoka akaniuliza, majani ya karoti nimeyafanyaje. Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimeyaacha yalivyo, yamekaa mezani kama shada la bibi harusi. Akasikitika kama nimemwambia nina msiba. "Kata mwanangu, ukifika tu. Majani yanainyonya karoti maji yake." Ndiyo maana zangu siku ya tatu zilikuwa zinapinda kama bomba la kumwagilia maua. Yaani hata kusinyaa kwa karoti, kesi niliyomfungulia dalali tangu ujana wangu, mshtakiwa nimekutwa ni mimi.

Nikasema sawa, bibi nimemshindwa, nitamalizana na kijana wa mayai. Huyo hata shikamoo simpi, ataniamkia yeye. Na ushahidi ninao: mayai yake tuliyachemsha, hayamenyeki. Unavuta ganda, linatoka na nyama. Unaanza na yai, unamaliza na kitu kama mwezi unavyoonekana kwa darubini, mashimo matupu, na kiini kinachungulia kwenye shimo mojawapo kuona kuna nini huku nje. Mama watoto alimenya manne, tukapata kama moja na nusu.

Kijana akanisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, adabu tele. "Mzee, uliyachemsha lini?"

"Siku ileile niliyoyachukua."

"Ndiyo kosa lenyewe, mzee. Yale yalitagwa jana yake. Yai jipya utando wake unang'ang'ania ute. Liache kama wiki hivi, hewa iliyomo ivuje kidogo kidogo kwenye vitundu vya ganda, ndipo utando unaachia. Ukitaka kulila siku hiyohiyo, kaanga."

Jamani. Maisha yangu yote nimenunua mayai nikiyatikisa sikioni, nikiomba Mungu yasiwe ya zamani. Leo nimepata mapya, naambiwa niyazeeshe! Na ukitaka kulalamika utalalamika kwa maneno gani? "Chakula chenu ni kipya mno"? Hebu kaandike hivyo kwenye sehemu ya maoni, jina lako likionekana, halafu Alhamisi uje umtazame kijana machoni huku anakupangia trei.

Usiku wa Jumanne, boga la tatu likiwa pembeni yangu (bibi hakuwa ameacha, na kukataa nyongeza ya mtu mzima mimi sikufundishwa), nikaingia mtandaoni kumtafuta aliyeleta mambo haya duniani. Lazima yupo. Nikaanzia Ufaransa. Huko mwaka 2011 walianzisha mtandao wa kuagiza kwa wakulima wa jirani wakauita La Ruche qui dit Oui, maana yake Mzinga Unaosema Ndiyo. Mizinga ninayoijua mimi ni miwili. Kuna wa nyuki, nao hausemi ndiyo, unasema kimbia. Na kuna ule anaonipiga shemeji kila mwisho wa mwezi, ambao wa kusema ndiyo ni mimi. Nikawaacha na mzinga wao, nikaenda Australia. Wao mwaka 2012 walianzisha Open Food Network, programu ambayo msimbo wake uko wazi, wakulima na walaji wa popote wanaweza kuitumia kufungua soko lao wenyewe. Ugomvi na watu wa namna hiyo unauanzia wapi?

Nikapanda hadi Ufini. Mwaka 2013 mkulima mmoja, Thomas Snellman, baada ya kuona Wafaransa wanavyonunua moja kwa moja shambani, alianzisha kitu kinaitwa REKO. Ni kundi la Facebook tu. Mkulima anatangaza ana nini, mteja anaandika chini anataka kiasi gani, wanakutana kwenye maegesho ya magari, kila mtu anachukua chake, wanatawanyika. Duka hakuna, kamisheni hakuna, dalali hakuna. Nikasema huyu sasa! Nikamchunguza kwa muda mrefu, natafuta kosa. Mtu analima, anauza, watu wanakula. Kosa halipo. Nikazidi kurudi nyuma, nikakuta Wajapani na teikei yao tangu miaka ya 1970, kaya za mjini zinakubaliana na mkulima moja kwa moja, na intaneti ya majumbani haijaota hata jino. Kumbe dalali alianza kufukuzwa zamani, ni mimi tu sikuletewa taarifa.

Kesho yake mama watoto, kwa kuona siku hizi nanyamaza, akadhani nimelipenda soko. "Baba watoto, kesho wanataka mtu wa kusaidia kugawa mizigo. Nimewaambia upo."

Nimewaambia upo!

Alhamisi nikasimama nyuma ya meza, orodha mkononi, kalamu sikioni. Mtu anakuja, anataja jina, unalitafuta, unamkusanyia: mayai kwa kijana, karoti kwa bibi, asali kule mwisho, unaweka alama, anaondoka. Saa kumi na moja na robo akaja bwana mmoja wa makamo, mdomo umeshakunjwa tangu mbali. Sijawahi kumwona, lakini nilimtambua palepale. Mwenzangu huyu.

Akatua chupa ya asali mezani. "Hii imeganda. Mmeweka sukari."

Nikajisikia nikijibu, kwa upole ambao sijui niliutoa wapi: "Asali safi huganda, mzee wangu. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka."

Akatoa karoti mfukoni. Mfukoni! Nilitamani kumkumbatia.

"Ilikutana na jiwe," nikasema.

Akafungua mdomo kuleta la tatu, nikamwahi. "Uliyachemsha lini?"

Akafunga mdomo. Akamtazama bibi, bibi akamwamkua kwa tabasamu, akageuza shingo haraka. Akamtazama kijana, kijana akampa shikamoo, akageuza tena. Yale macho ya mtu anayetafuta pa kutua mzigo, nani ayajue kama si mimi? Yakazunguka meza nzima, mwisho yakatua kwangu: mtu asiyelima, asiyefuga, hana hata kuku mmoja, amesimama katikati na orodha. Uso ukamng'ara.

"Kumbe," akasema, "ni wewe."

Nilipewa dakika kumi. Bei ya nyanya, mimi. Spinachi kuisha kwa dakika nne, mimi na jamaa zangu. Kuna mahali alinitajia mvua. Alikuwa fundi, lazima nikiri, kuna maneno nimeyahifadhi. Alipoondoka alikuwa anapiga mluzi.

Saa kumi na mbili tukaanza kukunja meza. Nikapitisha kidole kwenye orodha kutafuta jina langu, juu hadi chini, chini hadi juu. Halipo. Jumanne saa sita usiku, wakati soko linafungwa, mimi nilikuwa Ufini natafuta kosa.

Bibi akaniona nimesimama na kapu tupu. Akainama chini ya meza. Nikaomba moyoni, bibi, chochote kile, ila lisiwe boga.

Akainuka na mawili.